Namna ya Kutunza Ari ya Mazoezi Isichakae

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Mtwara mwenye mshahara, mwenye kiti cha kuzunguka ofisini, na mwenye nia njema. Kama wewe ni mama wa Msimbati unayeshuka pwani maji yakipwa, au mzee wa Nanyamba unayebeba mashine ya kupulizia salfa alfajiri umande haujakauka kwenye mikorosho, tafadhali ishia hapa. Hamna lako humu, na maswali yako yanaweza kutuvurugia kikao.

Cha kwanza kuelewa ni kwamba ari na mazoezi ni vitu viwili, na kimoja humla mwenzake. Mtu mwenye ari nzima hung'ara. Anaongea vizuri, anatoa ushauri, anawaonea huruma wenye vitambi. Mpeleke mazoezini siku nne tu uone: koo limekauka, miguu inauma, na ile ari imebaki robo. Mwenye akili hutunza kilicho adimu. Mazoezi yapo kila siku, hata kesho yatakuwepo. Ari ndiyo ya kuonewa uchungu. Ukifuata maelekezo haya utakaa nayo miaka na miaka, na lebo yake juu.

Anza na vifaa

Nunua kwanza. Viatu vya mbio, fulana isiyoshika jasho, chupa ya maji yenye alama za saa ubavuni, na saa ya mkononi inayohesabu hatua. Usitoke nje kabla vifaa havijatimia, na uhakikishe havitimii haraka. Kikikosekana kitu kimoja, tuseme soksi, una sababu halali ya kusubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Wana Mtwara tusione haya kwa hili, kwa sababu mji wetu wenyewe umekua kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliamka na azma. Raia wake walikuwa wamechoshwa na mgao wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ikaona dawa ni kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea, jumla mamilioni ya ekari. Ari ya namna ile haijaonekana tena. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa visiki. Reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea. Hapa Mtwara ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu, kusubiri shehena za karanga. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa karanga. Udongo ulikuwa na mawazo yake, mvua na yake, na Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Bandari ikakamilika mwaka 1954, miaka 3 baada ya shughuli iliyoijengesha kufa. Reli iling'olewa baadaye.

Bandari ipo mpaka leo, inapakia korosho, na hakuna anayeisimanga. Kwa hiyo nunua viatu bila wasiwasi. Usipokimbia navyo wewe, shemeji atakwenda navyo shamba.

Siku ya kuanza

Haianzwi leo. Kanuni hii haina mjadala. Mwaka 2014 watafiti watatu waliokuwa Marekani, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walionyesha kwamba watu huvutika zaidi kwenda kwenye mazoezi mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi, mwanzoni mwa mwaka na baada ya siku ya kuzaliwa. Wao waliona hapo fursa ya kuwasaidia watu waanze. Msomaji wa Mtwara aone fursa kubwa zaidi: mianzo ni mingi mno kiasi kwamba ukiukosa mmoja unadaka unaofuata. Tuna Jumatatu. Tuna mwaka mpya wa Januari na mwaka mpya wa Kiislamu. Tuna kabla ya Ramadhani, baada ya Idi, msimu wa korosho ukianza, msimu ukiisha, na ule mwanzo mkuu kuliko yote, malipo ya korosho yakishaingia. Mtu makini anaweza kuanza mara nyingi kwa mwaka bila kuendelea hata mara moja.

Ramadhani ina mahali pake maalumu. Ni mwezi ambao kila mwaka tunatangaza kwamba safari hii tutapungua. Halafu inafika saa ya futari: muhogo wa nazi, magimbi, tambi, uji wenye pilipili manga, kaimati, samaki wa kukaanga, na jirani kaleta sahani ambayo kuirudisha bila kuionja ni utovu wa adabu. Mtu anaingia mwezi mtukufu na mkanda kwenye tundu la tatu, anasali Idi akiwa kwenye la pili.

Utasikia pia kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo ilitokana na maneno ya Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko Marekani, aliyeandika katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau muda huo kuzizoea sura zao mpya. Pua na mbio wapi na wapi? Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu wa kweli waliokuwa wakijenga tabia za kweli, walikuta wa katikati alihitaji siku 66. Mwepesi zaidi 18, na mzito zaidi angehitaji 254. Utafiti huo una faida moja tu kwetu: unatujulisha kwamba ukiacha siku ya 17 uko salama. Hakuna hatari ya kuzoea.

Kisha kuna Jumamosi ya pili. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Ni agizo zuri, nami naliunga mkono bila kejeli. Tatizo ni sisi tuliolipokea. Mazoezi ya pamoja, tukishayapanga vizuri, huwa na meza kuu, vitambaa vya meza, spika mbili kubwa, na mgeni rasmi anayetarajiwa saa 12 asubuhi. Mgeni rasmi akifika saa 2 na nusu jua limeshakuwa kali. Anatoa hotuba juu ya umuhimu wa kutokukaa muda mrefu, nasi tunamsikiliza tumekaa. Halafu tunanyoosha mikono juu, mpiga picha anafanya kazi yake, na chai inatangazwa. Mikono juu ndiyo mazoezi. Chai ndiyo kazi. Jumamosi nyingine zilizobaki unazo zako, umeshatimiza wajibu wa taifa.

Kutembea hadharani

Kizuizi cha mazoezi katika mji huu si jua wala mchanga. Ni salamu. Mtu mzima aliyelelewa hapa hawezi kukimbia barabarani akapita hivi hivi. Kila kibaraza kina mzee, kila mzee ana shikamoo yake, na shikamoo haitupwi kwa kuhema huku umegeuza shingo. Unasimama. Unapokea marahaba. Unaulizwa za nyumbani, za kazini, za mama, na mvua huko juu Newala imenyeshaje. Kutoka Shangani mpaka Ligula unaweza kumaliza saa nzima, mapigo ya moyo yametulia tuli, na ukarudi na habari zote za mjini.

Ukikaidi ukakimbia kweli, jiandae kwa swali la "unakimbizwa na nani?" Ukitembea haraka asubuhi wiki mbili mfululizo, mtaa utakubaliana kwamba una sukari, na jirani mwema atakuletea majani ya kuchemsha kwenye chupa ya maji. Ukipungua mwili, hapo ndipo utakoma. Shangazi atakuuliza kwa sauti ya chini kama umeshapima. Mama mkwe atamwita mkeo pembeni kujua kama unapewa chakula. Kwetu mtu akirudi kutoka Dar es Salaam mashavu yamejaa tunamwambia kapendeza, maisha yamemkubali; akirudi amekonda tunaanza kukusanya michango. Kitambi ni barua ya utambulisho, na wewe unataka kuichana mbele za watu?

Juu ya kupima: usipime. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu. Wengi wao hawakuwa wanajua. Wewe hujapima, kwa hiyo huna. Chunga usiangukie kwenye banda la upimaji wa bure siku ya maonyesho, ukafungwa ule mkanda mkononi, ukaona muuguzi anaurudia mara ya pili bila kusema kitu.

Kama ni lazima utembee, jiunge na kikundi cha jogingi. Huko kuna fulana za rangi moja, kuna mwimbishaji anayetoa wimbo na wengine kuitikia, kuna bendera mbele na pikipiki ya kuzuia magari. Ni kitu kizuri, na wapo wanaokimbia kweli, vijana wale wa mbele. Wewe kaa karibu na bendera wakati wa kuondoka na karibu na sufuria wakati wa kurudi. Katikati hapo hakuna anayehesabu. Supu ya makongoro na chapati mbili zitarudisha kilichopotea, na pengine na cha wiki ijayo.

Kukaa mbele kuna historia pwani hii. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani na kuanza safari yake ya mwisho, akielekea bara kwa kufuata Ruvuma. Vitabu vinamtaja yeye kuwa mtembeaji. Mizigo ilikuwa vichwani mwa wengine. Alipofariki mwaka 1873, wasaidizi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili mpaka Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Sijui mazoezi gani ya siku hizi yanaukaribia mwendo ule, na hakuna aliyewavisha medali shingoni siku ile wanaweka mzigo chini.

Na zile hatua 10,000 zinazotafutwa na saa yako? Zilianzia Japani katikati ya miaka ya 1960, kampuni ya Yamasa ilipoingiza sokoni kifaa cha kuhesabia hatua na kukipa jina la namba hiyo, maana inakaa vizuri mdomoni. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki zinamtosha mtu mzima kuanzia. Usizisikilize hizo dakika 150, zinatekelezeka. Shikilia 10,000, kisha mvishe saa mtoto wa darasa la tatu anayerudi kutoka shule saa 6 akiwa na mpira wa makaratasi. Kufikia magharibi utakuwa bingwa, na kundi zima la WhatsApp litakupigia makofi.

Chakula

Kanuni ya ulaji bora ni kuheshimu kilichotoka mbali. Kusini tunalima ufuta, tunaujaza magunia, tunausafirisha nje. Halafu tunapanga foleni dukani kununua mbegu za chia, kipakiti kidogo kwa bei ya kuumiza, kwa sababu mtu mmoja kwenye simu amesema zina nyuzinyuzi. Mtama uwe wa kuku. Wewe kunywa uji wa shayiri ya kopo yenye picha ya mlima wenye theluji. Na korosho, ambayo nyingi inaondoka kwenye bandari yetu ikiwa na ganda lake kwenda India na Vietnam, isubiri irudi imevaa pakiti ndipo uiite chakula cha afya.

Mbaazi usiziguse. Ni nafuu, zimejaa protini, na mama yako anazijua kuzipika. Vitu vitatu vinavyomshushia mtu hadhi. Kusini bado tunakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua kutoka nje. Bei ikaporomoka, magunia yakabaki ndani, na kuna nyumba zilizokula mbaazi asubuhi, mchana na jioni. Kwa vitabu vyote vya lishe ulikuwa mwaka wa afya isiyo na mfano. Sijakutana na mkulima anayeukumbuka hivyo.

Ming'oko je? Hapa pana mtego. Ming'oko ni viazi vya porini, huchimbwa wakati wa kiangazi kwa jembe na uvumilivu, maana mzizi unazama na kupinda kwenye ardhi ngumu, nawe unaufuata chini mpaka umeingia shimoni kiwiliwili. Ukiukata kwa pupa umeacha nusu huko huko. Anayevichimba hadi kikapu kijae ameshanyoosha mgongo, mabega, na msamiati. Vikichemshwa huuzwa kwa mafungu kando ya barabara, vinamenywa, vinachovywa kwenye chumvi na pilipili. Kula ming'oko kunaruhusiwa. Kwenda kuchimba ni kuvunja mwongozo.

Matunda na mboga, wataalamu wanasema gramu 400 kwa siku. Usiogope, hesabu inawezekana. Kachumbari iliyowekwa pembeni ya chipsi mayai ni mboga. Kisamvu ni mboga hata nazi ikiwa imekizidi. Bibo ni tunda, tena lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, ila likiliwa bichi linakaba koo na kumwagia shati doa litakalozikwa nalo. Wazee walishalimaliza tatizo hilo: maji yake yakikamuliwa na kuachwa yachachuke, yanakuwa uraka. Kwa hesabu za mwongozo huu bilauri moja ya uraka ni tunda moja. Nipa, iliyokwisha kupita motoni na kwenye bomba, si tunda. Wapo wanaoihesabu, na wengine kati yao hesabu imewapotea kabisa.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, wakijumlisha mpaka iliyojificha kwenye mkate na samaki wa ng'onda. Lakini pwani yetu ina mashamba ya chumvi, na watu wanachomwa na jua humo. Ukinyunyiza kwenye chipsi, jiambie unaunga mkono mzalishaji wa ndani.

Korosho nitaisemea zaidi, maana hakuna chakula kinachotufichua kama hiki. Gramu 100 zina kilokalori zipatazo 550, na hilo peke yake si dhambi. Nenda uani kwa mama anayebangua kwa mkono ukamtazame. Karai lenye matundu liko juu ya mafiga, korosho zinatoa mafuta, mafuta yanashika moto, moshi mweusi unamfanya ageuze uso huku mkono ukiendelea kukoroga. Anazimwaga kwenye mchanga. Zikipoa anajipaka majivu vidoleni, kwa sababu mafuta ya ganda yanababua ngozi, halafu anagonga moja moja kwa kipande cha chuma, kwa nguvu ya kupasua ganda bila kuvunja kiini. Akivunja, bei imeshuka. Kiini kikitoka bado kina ngozi nyembamba ya kuparua. Saa nzima imepita na bakuli halijajaa. Anatia moja mdomoni, anaitafuna taratibu, anaendelea kugonga. Huyu hahitaji kushauriwa kupunguza kiasi. Sasa jitazame wewe ukiwa na pakiti mbele ya televisheni, siku ya mechi: refa hajapuliza mapumziko, mkono tayari unakwangua chini ya mfuko. Korosho ni ile ile. Kilichoondolewa ni kugonga.

Usiliwazie sana hilo. Nenda kwenye semina ya lishe, pale ambapo mada ya madhara ya sukari hufuatiwa na soda na sambusa mbili, na sahani ya karanga inazunguka wakati wa maswali na majibu.

Kinachoweza kubomoa mwongozo huu

Nimesita kukiandika, lakini msomaji ana haki ya kuonywa. Ukiufuata ufukwe kusini-mashariki mwa mji kuelekea mdomo wa Ruvuma unaingia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba zipatazo 650 za mikoko, matumbawe, fukwe na vijiji. Jiepushe na huko siku za bamvua.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Maji yanatoka mbali, mwamba unabaki wazi, na wanawake wanashuka. Kanga imefungwa kibwebwe, mguuni yeboyebo, mkononi nondo na ndoo. Mmoja anatembea ameinama, macho chini. Anatafuta shimo lenye maganda yaliyotupwa mlangoni, maana pweza ni mla chaza asiyefagia kwake. Anaingiza nondo, anachokoa, anangoja, mkono mmoja wa pweza unatoka kujaribu chuma. Hapo ni kuvutana. Akimtoa, anamgeuza kichwa kwa dole gumba, anamtia kwenye ndoo, hatua zinaendelea. Wengine wanaokota tondo, wanainama na kuinuka na kuinama tena. Maji yakianza kugeuka hawaambiani. Wanaelekea nchi kavu wote, haraka, ndoo kichwani imekuwa nzito kuliko ilivyokuja. Zile dakika 150 za wiki zimekwisha kwa bamvua moja na chenji imebaki.

Ukimkuta mwenye umri wa mama yako, kwanza umwamkie, kisha umuulize swali letu la kitaalamu.

"Shikamoo mama. Unapata wapi ari ya kuja huku kila mara?"

"Marahaba mwanangu. Maji yakitoka tunashuka."

"Na siku ambayo hujisikii?"

"Yatatoka vile vile."

Unaona hatari yake. Huyu mama hana ari hata chembe. Hajaweka lengo, hajachagua Jumatatu, na saa ya kwenda inabadilika kila siku, inasogea karibu dakika 50, bila yeye kuulizwa kama ratiba inamfaa. Siku za maji mafu anakaa nyumbani bila kujilaumu, na bamvua ikirudi haiiti kuanza upya. Huwezi kumwandalia semina mtu kama huyu. Utamfundisha nini?

Wala usirudi mjini ukimsifia kwamba anaishi maisha ya afya, kama wanavyofanya wageni wenye kamera. Mgongo unamuuma. Magoti yanamuuma. Bei ya pweza anapangiwa na mnunuzi aliyesimama kivulini. Ukimpa kile kiti chako cha kuzunguka atakikalia, tena atakizungusha. Ila huko mwambani hakuna mtu aliyekwenda kwa kupenda mazoezi, na hakuna aliyebaki nyumbani kwa kutoyapenda. Mambo ya ari hayajaulizwa. Ni maji tu. Na ndiyo maana nakusihi usitafute maji yako mwenyewe: usikubali kuwa wa kumsindikiza mtoto shule kwa miguu, usimwahidi mzee wa jirani kwamba utampitia alfajiri kwenda msikitini au kanisani, usinunue shamba mahali ambapo gari haifiki. Jambo la namna hiyo likishakushika halikuachii nafasi ya kujiuliza kama unajisikia, na mtu asiyejiuliza kama anajisikia atatembea hadi azeeke.

Ajali zikitokea

Zitatokea. Utakwenda msibani ng'ambo ya Msangamkuu, umevuka vizuri, lakini nyumba yenye msiba iko mbali na gati na mchanga hauruhusu usafiri. Utaambiwa ubebe kiti. Wanaume wataitwa kuchimba kaburi, nawe utapokezwa sepetu na kijana anayekuita mjomba, na mjomba hakatai mbele ya watu. Utachimba mpaka fulana iwe ya kukamua. Ukimaliza utapewa ugali wa muhogo na kibua wa kuchemsha, hakuna soda, hakuna cha kuchagua, na utajikuta umekula vizuri na kulala mapema.

Usitaharuki. Siku kama hiyo haijaigusa ari yako hata kidogo, kwa sababu hukuitumia. Tena simu na saa ulikuwa umeziacha nyumbani zisiingie maji ya chumvi, kwa hiyo mbele ya kundi la WhatsApp siku hiyo hukutoka kitandani. Wakikuuliza, sema ulikuwa unapumzika. Waahidi Jumatatu.